Marehemu Ana Joto Zuri

Ufunguo ulizunguka mara mbili. Kracha! Kracha! Daktari Kandambili akabaki ndani ya mochwari, mlango umefungwa kwa nje, kidole chake bado kimo mdomoni mwa maiti.

Hapo ndipo tulipomwacha wiki iliyopita. Najua wengine mmelala vibaya kwa ajili yake. Poleni. Yeye mwenyewe hakulala, maana vitanda vyote vya mle ndani vilikuwa na wenyewe.

Maiti ile ilikuwa ya mzee wa kitanda namba saba, mtunza stoo mstaafu, aliyekutwa jana saa tano na nusu za asubuhi akiwa amekufa. Aliyemkuta ni Mama Ndoo, mhudumu anayepiga deki wodini. Na kwa kuwa ndiye aliyemkuta, ndiye aliyekamatwa. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini siku hizi akitazama anavishwa pingu.

Daktari alikuwa ameingia kimyakimya kuangalia jambo moja tu, na alikuwa amelipata. Katikati ya meno ya marehemu palikuwa na kitu cheupe, chepesi, laini kama manyoya ya kifaranga. Sufi. Sufi ya mto wa kulalia.

Ndipo mlango ulipofungwa.

"Nani hapo?" Daktari alipiga kelele.

Kisha sauti ya mwanamume ikauliza, inatetemeka, "Nani anasema humo?"

"Mimi!"

"Humo hakuna mtu wa kusema."

"Ni mimi, Daktari!"

"Daktari?" Sauti ikashuka kwa huzuni. "Maskini. Daktari amekufa lini?"

"Sijafa! Fungua mlango!"

"Subiri kwanza." Karatasi zikafunuliwa. "Daftari langu linasema humo wamo watu wanne, na wote nimewapokea kwa mkono wangu. Wewe hujaandikwa. Ambaye hajaandikwa hayumo."

"Na huyu anayekupigia kelele ni nani?"

"Ndiyo hayo ninayojiuliza. Mimi nilikuwa nakwenda kula."

Ilibidi Daktari avue kandambili moja na kuipitisha chini ya mlango. Mlinzi wa mochwari akaiangalia: ya buluu, kamba yake imefungwa kwa uzi wa kushonea vidonda. Hospitali nzima hakuna nyingine kama ile. Akafungua.

"Ungeanza na hiyo, Daktari," akalaumu. "Kandambili ni kitambulisho. Sauti mtu yeyote anaweza kuwa nayo."

Daktari alitoka mbio, akili yake ikifanya hesabu ambayo hakuipenda.

Jana alipoitwa kitandani, saa ile ile ya tano na nusu, alijaribu kuufunga mdomo wa marehemu. Taya lilikuwa limeshakaza kama bawaba yenye kutu. Mtu akifa, mwili hulegea kwanza. Taya halikazi mpaka zipite saa mbili, tatu na zaidi. Kwa hiyo mzee yule alikufa asubuhi mapema, saa moja na nusu au saa mbili, wakati Mama Ndoo yuko mapokezi anapiga deki mbele ya watu hamsini. Wodini Mama Ndoo aliingia saa tatu.

Basi si ameokoka? Hajaokoka. Kwa sababu karatasi ya joto iliyoning'inia miguuni pa kitanda namba saba ilisema hivi: saa nne, joto thelathini na sita nukta nane, mapigo ya moyo sabini na sita, mgonjwa ana hali nzuri.

Na kuanzia saa tatu mpaka saa sita, wafanyakazi wote walikuwa kwenye mkutano wa kujiandaa na wageni wa ukaguzi. Wote, wenye cheo na wasio na cheo. Wodini alibaki Mama Ndoo peke yake na ndoo yake. Kama mzee alikuwa hai saa nne, aliyemuua ni nani mwingine?

Kulikuwa na jambo la tatu, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Chini ya joto lile zuri palikuwa na maandishi mengine. "Saa nne. Nimemwona. Anaendelea vizuri." Na sahihi.

Sahihi ilikuwa yake mwenyewe.

Wodi ile ina wagonjwa arobaini na daktari mmoja. Ndiyo maana kikazaliwa kitu kinachoitwa raundi ya mlangoni. Sista wa zamu anapanga mafaili kwenye toroli, anayasogeza mpaka mlangoni, Daktari anasimama pale pale na kupiga sahihi arobaini kama mtu anayechambua mchele. Jana alifanya hivyo saa tatu kasoro robo, haraka awahi mkutano. Kwenye saa akaandika saa nne, kwa sababu saa nne ndiyo saa ya raundi na karatasi zote zilishaandikwa hivyo. Alimwona nani? Aliona toroli.

Kwa hiyo hadithi ilikuwa fupi. Akisema kweli, Mama Ndoo anaachiwa na yeye anapoteza kazi. Akinyamaza, hakuna atakayejua, na Mama Ndoo anaondoka na pingu.

Na kandambili zile alizovaa alipewa na nani? Mwezi ule alioibiwa viatu na saa ya mkononi chumba cha madaktari, akawa anatembea na soksi kwenye sakafu yenye damu, ni mtu mmoja tu aliyevua za kwake. Mama Ndoo. Akasema, "Vaa mwanangu, mimi miguu yangu imeshazoea dawa za kufulia."

Nje ya ofisi ya Mkuu wa hospitali alimkuta Mama Ndoo amekaa kwenye benchi, mikono imefungwa pamoja mapajani, magauni mawili mwilini. Alivaa yote mawili asubuhi, maana aliambiwa mahabusu kuna baridi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

"Mama, unakwenda jela unaniuliza kula?"

"Sasa nikuulize nini, jela umewahi kwenda?" Akajisogeza kumpa nafasi. "Wanasema karatasi imesema ni mimi. Mimi na karatasi hatujawahi kukorofishana. Nikiikuta sakafuni naiokota."

"Jana wodini hukuona kitu?"

"Niliona mzee amefunikwa shuka mpaka puani. Nikadhani kalala. Nikapiga deki polepole nisimwamshe." Akafuta jicho kwa bega. "Saa mbili na nusu nzima napiga deki polepole, namheshimu maiti. Aliyeona ni fundi wa namba nane. Lakini ndiyo hivyo tena."

Fundi wa namba nane ni mshona nguo aliyevunjika taya. Kichwa chake kimefungwa bandeji kuanzia kidevuni mpaka utosini kama mzigo wa harusi. Hasemi. Tangu jana anafanya mm! mm! mm! na kunyoosha kidole, na kila akifanya hivyo wanamletea uji. Mpaka sasa ameshakunywa vikombe kumi na vinne.

"Ngoja hapa mama," Daktari alisema. Kisha akakumbuka kwamba yule hakuwa na pengine pa kwenda.

Aliingia bila kubisha.

Ofisini walikuwamo watu watatu. Mkuu wa hospitali, mtu mnene mwenye suti, alikuwa kwenye kiti chake kikubwa. Inspekta wa polisi alisimama dirishani na mfuko wa nailoni wa ushahidi. Na Sista Rula alisimama wima karibu na kabati, amekumbatia karatasi za joto za wodi nzima, rula yake ya chuma imechomoza mfukoni. Anaitwa hivyo kwa sababu michoro yake ya joto ameipiga rula. Homa ya wodi nyingine inapanda na kushuka kama mbuzi mlimani, lakini homa ya Sista Rula inanyooka. Miaka mitano mfululizo ndiye mshindi wa Kombe la Wodi Bora, na kesho wageni walikuwa wanakuja kumpa la sita.

Ukutani ilining'inia saa ya Mkuu. Hairuhusiwi kuguswa. Tangu ainunue Mkuu hajawahi kuchelewa kikao hata kimoja. Ilionyesha saa saba na nusu.

"Saa nane kamili naondoka na mtuhumiwa," Inspekta alisema. "Nina ushahidi wa maandishi. Mimi mwenye maandishi sibishani."

"Mzee hakufa saa nne," Daktari alisema. "Alikufa kabla ya saa mbili."

"Daktari!" Mkuu alishtuka. "Kesho kuna wageni! Huyu mtu tumeshakubaliana amekufa saa nne na nusu. Kila kitu kimechapwa."

"Taya lake lilikuwa limekaza."

"Taya haliandiki," Inspekta alisema. Akatoa karatasi mfukoni. "Hii imeandika. Joto zuri, mapigo mazuri. Saa nne marehemu alikuwa na afya kunishinda mimi."

"Karatasi ni ya uongo."

Sista Rula hakupandisha sauti. Huwa hapandishi. "Daktari, hizo karatasi zimeleta makombe matano. Na kama ni za uongo, hii sahihi chini yake ni ya nani?"

Mkuu akaangalia. Inspekta akaangalia. Nje ya mlango ulioachwa wazi, Mama Ndoo aliinua shingo.

Sasa msomaji, hapa ndipo watu wengi wazima wanapopata kikohozi. Daktari aliangalia chini, akaona kandambili za buluu.

"Ni yangu," alisema. "Na ni ya uongo pia."

"Nini?"

"Sikumwona. Sikuwahi kufika kitandani kwake. Nilipiga sahihi mlangoni, saa tatu kasoro robo, nikaandika saa nne. Saa nne mimi nilikuwa mkutanoni. Mkuu, si tulikaa ubavu kwa ubavu? Si nilikukanyaga mguu mara mbili uache kukoroma?"

Mkuu akakohoa. "Nilikuwa natafakari."

"Ulikuwa unatafakari kwa sauti. Inspekta, niandike. Daktari amedanganya, mgonjwa hakuonwa na mtu. Niandike na tarehe."

Inspekta alishika kalamu lakini haikuandika. Miaka ishirini kazini, na hakuna mtu aliyewahi kumwomba aandikwe. "Umejua unajifanyia nini?"

"Najua."

"Hata hivyo," Sista Rula alisema taratibu, "Daktari amedanganya upande wake. Mimi joto langu nilipima."

"Saa nne? Ulikuwa mkutanoni, safu ya mbele."

"Nilitoka kidogo. Nikapima. Nikarudi."

Daktari akanyoosha mkono. "Nipe karatasi za leo."

Sista Rula alizikumbatia zaidi, na hapo ndipo Inspekta alipoamka. Polisi hata akiwa mvivu, ukificha kitu anakitaka. Akazichukua zote, akachomoa moja katikati.

"Kitanda namba tatu," akasoma. "Saa nne, joto thelathini na saba. Saa nane, joto thelathini na saba. Saa kumi jioni..." Akaangalia ukutani. "Saa kumi jioni, amelala vizuri."

"Wagonjwa wangu wana nidhamu," Sista Rula alisema.

"Saa kumi haijafika!"

"Itafika."

Inspekta akachomoa nyingine. "Kitanda namba kumi na moja. Saa kumi na mbili jioni, homa imepungua, amekula chote."

"Wa kumi na moja aliruhusiwa juzi," Daktari alisema. "Kitanda hakina mtu."

"Na homa imepungua," Inspekta alirudia polepole, kama mtu aliyeambiwa mkewe ana pacha.

"Nina dawa za saa nane," Sista Rula alisema. Akanyoosha aproni yake. Akatoa funguo mfukoni, akaziweka mezani sambamba na ukingo wa meza, zimenyooka. "Kama kujaza karatasi mapema ni kosa, niandikieni barua. Nitaijibu kwa maandishi. Wagonjwa hawasubiri." Akatoka. Viatu vyake vyeupe havikulia hata kidogo. Na nani angemzuia? Kujaza karatasi mapema, kama ingekuwa kosa la jinai, nchi ngapi zingebaki na wauguzi?

"Mfungue yule mama," Daktari alimwambia Inspekta.

"Mh. Naona kama..." Inspekta alikuna kisogo. "Haya, tuseme alikufa saa mbili kasoro. Alikufaje?"

"Kwa mto. Alizibwa pumzi. Nimetoa sufi menoni mwake."

Mkuu akapiga meza kwa furaha. "Haiwezekani! Hospitali yangu haina mito! Nasema kwa fahari, hakuna mgonjwa hata mmoja aliyewahi kulalia mto tangu nianze kazi hapa. Muulize yeyote!"

"Na ile ya wageni?" Daktari aliuliza.

Furaha ikamwisha. Kila mtu anaijua mito ya wageni. Ipo kumi na miwili, mipya, mieupe. Wageni wakija inatolewa kabatini, inawekwa vitandani, inapigwa picha. Wageni wakiondoka inarudi kabatini kabla mgonjwa hajaizoea.

"Iko hapo," Mkuu alisema. "Imefungwa. Ufunguo anakaa nao Sista, ndiye anayetandika."

Inspekta akachukua ufunguo mezani, akafungua kabati. Akahesabu kwa kidole. Akahesabu tena.

"Kumi."

"Kumi na miwili," Mkuu alisema.

"Mimi naona kumi. Wa kumi na moja uko wapi?"

Mkuu akajikunja kidogo kwenye kiti chake. Ilikuwa harakati ndogo sana, lakini Daktari aliiona. Kuku anayekalia yai hujikunja vilevile.

"Mkuu," alisema, "naomba simama."

"Kwa nini nisimame? Mimi ndiye Mkuu."

"Simama, mzee," Inspekta alisema.

Akasimama. Juu ya kiti palikuwa na mto mweupe, umebonyea vizuri. Na katikati ya mto, wazi kama muhuri wa serikali, palikuwa na alama ya mdomo. Mdomo wazi wa rangi ya zambarau.

"Marehemu alikuwa na vidonda mdomoni," Daktari alisema kwa sauti ya chini. "Muuguzi wa usiku alimpaka dawa ya zambarau jana saa kumi na mbili asubuhi. Ile inayotia doa mpaka sakafuni."

"Astaghafiru!" Mama Ndoo, ambaye alishaingia mpaka katikati ya ofisi bila mtu kumwona, aliziba uso. "Mkuu, geuka."

Mkuu akageuka.

Suruali yake ya kijivu, ya suti aliyoivaa jana na leo ili kesho avae ile mpya, ilikuwa imebusiwa. Busu la zambarau, nyuma, upande wa kushoto. Alitembea nalo hospitali nzima tangu jana. Alihutubia mkutano nalo. Mbele ya wafanyakazi mia moja na thelathini aliandika ubaoni kwa kuwapa mgongo, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwambia.

Inspekta alichomoa pingu kwa Mama Ndoo, klik klik, akamgeukia Mkuu nazo. "Mzee, unazo sekunde tano."

"Si mimi! Wallahi si mimi!" Mkuu alipanda nusu ya dirisha. "Kiti changu kina msumari! Nimeletewa huo mto jana asubuhi kabla ya mkutano, nikaambiwa, 'Mkuu, kikao ni cha saa tatu nzima, msumari utakuumiza.' Nikasema, kumbe bado kuna watu wenye huruma!"

"Nani alikuletea?"

"Sista Rula!"

Pingu zikabaki hewani.

"Muuaji gani akalie ushahidi wake siku mbili?" Daktari alisema, zaidi akijiambia mwenyewe. "Mkuu ni mjinga tu."

"Asante, Daktari," Mkuu alisema kwa dhati kabisa.

"Lakini Sista?" Inspekta hakuridhika. "Mwanamke amekaa kazini miaka thelathini. Amuulie nini mtunza stoo mstaafu?"

Akajibu Mama Ndoo, anasugua vifundo vya mikono. "Yule mzee alikuwa mtu wa stoo. Hakuna kilichokuwa kinampita bila kukiandika. Alipoletwa wodini akatafuta kifuniko cha boksi la glavu, kila siku anaandika. Mimi alinisomea. 'Siku ya kwanza, kipimajoto sijakiona. Siku ya pili, sijakiona.' Mpaka siku ya sita. Akasema, 'Wageni wakija kutoa hilo kombe lao nitawasomea.' Tukacheka sana."

"Nani mwingine alimsikia?"

"Wodi nzima. Mzee alikuwa kiziwi kidogo, akisema anasema kama mnada."

Daktari alikuwa ameshachukua ile karatasi ya namba saba, ya jana, kutoka mikononi mwa Inspekta. Aliiangalia mara mia moja tangu jana, na mara mia moja hakuiona. Sasa aliiona.

Joto la saa kumi na mbili. Joto la saa nne. Kisha mstari umekoma, karatasi nyeupe mpaka chini.

"Inakoma saa nne," alisema.

"Si ndiyo," Inspekta alisema. "Saa tano na nusu alikutwa amekufa. Ulitaka aendelee kupimwa?"

"Inspekta, huyu anajaza karatasi alfajiri. Za siku nzima! Mtu aliyekwenda zake nyumbani juzi ana joto la jioni. Jana pia alijaza za siku nzima, vitanda vyote. Kwa nini namba saba peke yake aliishia saa nne?"

Nje toroli lilipita, gurudumu moja linalia.

"Kwa sababu alipokuwa anaandika," Daktari alisema, "alishajua huyu mzee hatafika saa nane."

Mkuu akakaa chini juu ya mto, akaruka kama aliyekalia kaa la moto.

"Na hicho kifuniko cha boksi," Inspekta aliuliza, sauti imebadilika, "kiko wapi? Kwenye vitu vya marehemu hakimo."

"Mzee hakuwa anamwamini mtu mwenye mdomo," Mama Ndoo alisema. "Alimpa mtu asiyesema. Fundi wa namba nane. Kakilalia."

Mm! Mm! Mm! Na vikombe kumi na vinne vya uji.

Daktari alizimwaga karatasi za leo mezani. Namba tatu, mpaka jioni. Namba tano, mpaka jioni. Kumi na moja, kitanda kitupu, mpaka jioni. Namba nane, iko wapi namba nane...

Akaipata.

Saa kumi na mbili asubuhi, joto zuri. Saa nne, joto zuri. Saa nane, joto zuri, mstari umepigwa rula safi kabisa. Baada ya saa nane hakuna kitu.

Wote wanne wakainua macho kwenye saa ya ukutani kwa pamoja. Saa nane kasoro dakika nne.

"Tunawahi!" Inspekta alisema, akashusha pumzi. "Dakika nne ni nyingi. Wodi iko hapo tu."

Daktari alishafika mlangoni, kisha akageuka, uso umepauka. Alikuwa anaangalia kabati lililo wazi. Kumi kabatini. Mmoja kwenye kiti. Mito ya wageni ilikuwa kumi na miwili.

"Wa kumi na mbili Sista yuko nao," alisema.

"Mwanangu," Mama Ndoo alisema. Hakuwa anaangalia kabati. Alikuwa bado anaiangalia ile saa, saa ambayo yeye huifuta vumbi kila Jumatatu na kukatazwa kuigusa mishale. "Mwanangu, kimbia. Hiyo saa iko nyuma dakika kumi. Mkuu aliirudisha mwenyewe, ili asichelewe."

Kandambili moja ilikatika kamba hapo hapo mlangoni. Daktari aliiacha. Alikimbia mguu mmoja chini, mguu mmoja na kandambili, akipita mapokezi, akipita benchi za wagonjwa, na kwa mara ya kwanza katika miaka minne aliingia wodini kwake bila kusimama mlangoni.

Pazia la kitanda namba nane, ambalo halijawahi kuvutwa tangu liwekwe, lilikuwa limevutwa mpaka mwisho. Chini yake vilionekana viatu viwili vyeupe, visigino vimeinuka juu, kama vya mtu anayekandamiza kitu kwa uzito wake wote.

Na mm! mm! ya fundi haikusikika tena.